Kiwanja sikukiona

Mshale mrefu ulikuwa unakaribia tano, na nje ya kioo hakukuwa na kitu. Mji hauonekani, bahari haionekani, hata ncha ya bawa imemezwa. Weupe mtupu, na matone ya mvua yanapanda kioo badala ya kuteremka.

Nilikaa mbele, kiti cha kulia, ubavuni mwa rubani. Aliyezoea ndege zetu ndogo za Chake Chake, Pemba, anakijua kiti hicho: abiria wakijaa nyuma, mmoja huitwa mbele. Karibu na magoti yangu kulikuwa na saa ya kupimia urefu, ya duara, mshale mfupi wa maelfu ya futi na mrefu wa mamia. Rubani alikuwa ameandika namba kwa penseli kwenye karatasi iliyofungwa pajani mwake, akaizungushia duara. Ilikuwa mia tano na kidogo. Nilipomuuliza ni ya nini, alinijibu bila kugeuka: "Tukifika hapa hatujakiona kiwanja, tunapanda."

Mara ya kwanza tulifika, hatukukiona, tukapanda.

Hii ilikuwa mara ya pili. Na baina ya mara hizo mbili, mie nilikuwa nimesema neno.

Maiti hangoji

Mama yangu mdogo alifariki alfajiri, nyumbani kwake Jang'ombe, Unguja. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka skuli, na chakula changu cha kwanza cha mshahara nilikula naye. Simu ilinikuta Chake natia udhu. Mazishi yamepangwa baada ya Alasiri, makaburi ya Mwanakwerekwe.

Siku tuliyomzika mama yangu mzazi, miaka mingi nyuma, mama mdogo alinishika mkono barazani akaniambia, "Na mie utanishusha wewe." Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, na mimi ni mtoto wa dada yake. Nilimjibu inshallah. Hakulirudia tena neno hilo, wala mimi sikulisahau.

Boti ya asubuhi ilikuwa imeshang'oa nanga bandarini Mkoani. Nikapata nafasi kwenye ndege ya saa nane mchana. Chake mpaka Unguja ni nusu saa angani, kwa hiyo hesabu ilikubali. Hata nikichelewa kuswalia msikitini, ningewawahi makaburini, maana kutoka kiwanja cha ndege mpaka Mwanakwerekwe ni mwendo mfupi wa daladala.

Masika ilikuwa imekaza. Kisiwa cha Tumbatu tulikipita bila kukiona.

Neno lenyewe

Injini ya ndege zile ina kelele, kwa hiyo rubani alinivisha vyombo vya masikioni vyenye kipaza sauti kinachokaa mdomoni. Nilimsikia akizungumza na mnara wa kuongozea ndege, na mnara ukimjibu. Sikufikiria wakati ule kwamba na mie nikisema, sauti yangu inaingia masikioni mwake humohumo, kwa njia ileile inayopita sauti ya mnara.

Tulipopanda mara ya kwanza, nyuma kulizuka manung'uniko. Mama mmoja alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Nikatazama saa yangu ya mkononi.

"Kapteni," nikamwambia, "nina maiti. Mama yangu anazikwa Alasiri hii na mimi ndiye wa kumshusha. Kiwanja kiko hapo chini, unakijua. Jitahidi, Mungu atakulipa."

Hakunijibu. Alikuwa akiandika kitu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, wa bara kwa lafudhi yake, na shingoni jasho lilikuwa limemlowesha kola.

Tukazunguka, tukaanza kushuka tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya wenzo wa injini. Mara ya kwanza, mshale ulipofika kwenye namba, mkono ule ulisukuma papo hapo, kama mtu aliyeguswa na moto. Mara hii mshale ulifika na mkono ukabaki pale pale.

Pumzi moja.

Pumzi ya pili.

Kisha akasukuma. Injini ikanguruma, mgongo wangu ukabanwa kitini, nikahisi kama ninalazwa chali. Wakati huo huo wingu likapasuka upande wangu, nikaona vichwa vya minazi. Sikuona shamba la minazi kama linavyoonekana kwa mbali kutoka juu, rangi moja ya kijani. Niliona kuti moja moja, upepo ukiyageuza upande wa ndani.

Wingu likafunga. Akasema na mnara, kisha akasema kwetu: tunakwenda Dar.

Dar

Tuliposhuka, alisimama chini ya bawa kwenye manyunyu, akimpa kila abiria mkono. Nilipofika mie alisema, "Pole sana, mzee wangu. Kiwanja sikukiona."

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Umeninyima kumzika mama yangu." Nikapita. Mkono wake ulibaki hewani.

Boti ya saa kumi niliikosa kwa foleni ya barabara ya Nyerere. Nililala Kariakoo, nikavuka na ya saa moja asubuhi. Usiku ule mdogo wangu alinipigia. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini, na wengine wawili, shuka limetandwa juu yao. Akaniambia, "Upande wa miguu tulikuachia nafasi mpaka dakika ya mwisho."

Nilibaki na hasira wiki nzima. Nilimhadithia kila aliyekuja kunipa pole: ndege ipo juu ya Mwanakwerekwe, kiwanja kipo chini, rubani anaogopa mvua. Watu waliitikia kwa kichwa. Wapo walioniambia marubani wa siku hizi hawana uzoefu, na hilo nalo nikalibeba nikalihadithia kwa waliofuata.

Swali tulilouliza juu ya Bukoba

Sijui ni siku ya ngapi nilipokumbuka Bukoba. Ilikuwa usiku, usingizi umekata.

Tarehe 6 Novemba 2022 sote tulikuwa na simu mkononi tukitazama mkia wa ndege ukiwa umetokeza juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Walikuwemo watu 43, wakafariki 19. Ilikuwa inakwenda kutua, hali ya hewa mbaya, ikaishia majini, kiwanja kiko pale pale pembeni. Tukamwona kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyekwenda na mtumbwi wake kuokoa watu asiowajua.

Barazani kwetu siku ile tulikuwa na swali moja. Mie ndiye niliyeliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwa nini hakwenda kutua kwengine?

Nikakaa kitandani. Rubani wangu alikwenda kutua kwengine, na nilimwacha na mkono hewani.

Nilijaribu kujitetea. Nilijiambia haraka yangu ilikuwa ya haki: sikuwa nawahi harusi wala biashara, nilikuwa nawahi kaburi. Nikakumbuka Marsabit, kule Kenya, tarehe 10 Aprili 2006. Ndege ndogo ya jeshi imebeba wabunge na viongozi wa serikali wanaokwenda kwenye kikao cha amani baina ya makabila yanayopigana. Kuna haraka njema kuliko hiyo? Ukungu ulifunika, ndege ikapiga kilima. Walikuwemo watu 17, wakafariki 14. Sisemi kuwa haraka ndiyo iliyowaua. Ninachosema ni kwamba ukungu wa Marsabit haukuuliza wanakwenda kufanya nini.

Mtu aliyekaa mbele

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mimi ni mwalimu, sijui kuacha jambo katikati. Nilisoma ripoti za ajali za ndege ndogo zilizoanguka wakati wa kushuka kwa vyombo, yaani rubani haoni nje na anafuata mishale na redio mpaka wingu limfungulie. Nilikuwa natafuta, nakiri, ripoti itakayosema rubani wangu alikuwa mwoga.

Nikaikuta ya Aspen.

Aspen ni mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani. Jioni ya tarehe 29 Machi 2001 ndege ndogo ya kukodi aina ya Gulfstream III ilitoka Los Angeles na abiria 15 na wafanyakazi watatu. Ilichelewa kuondoka dakika 41, ikiwasubiri abiria. Kiwanja cha Aspen kiko juu sana, zaidi ya futi 7,800, kimezungukwa na milima, na ndege ile haikuruhusiwa kutua usiku. Mwisho wake ulikuwa saa 12:58 jioni. Aliyeikodi alipoambiwa kuna uwezekano wa kutua mji mwengine, alikasirika, na maneno yake yakamfikia rubani.

Theluji ilikuwa inanyesha. Baadhi ya ndege zilizowatangulia zilishuka, hazikuona, zikapanda. Kwa kushuka kule, namba ya kuzungushiwa duara ilikuwa futi 10,200. Wao wakaipita bila kukiona kiwanja. Waliigonga ardhi saa moja na dakika moja usiku, wakafariki wote 18.

Bodi ya uchunguzi ya Marekani iliandika sababu: marubani walishuka chini ya kiwango bila kuiona njia ya kutulia. Kisha ikaorodhesha vilivyochangia, na kimoja kati ya hivyo nilikisoma mara tatu. Shinikizo la mteja kwa rubani ili atue.

Na kuna jambo jengine ndani ya ripoti ile. Wakati wanashuka, abiria mmoja alikuwa amekuja kukaa kwenye kiti cha ziada cha chumba cha marubani. Nyuma ya mabega yao.

Nilifunga simu nikaiweka kifudifudi juu ya meza. Nilikuwa nimetafuta ripoti itakayomhukumu rubani, na humo ndani nimejikuta mwenyewe, nimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele.

Dakika moja

Nataka nieleze hesabu hii kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko ripoti yenyewe.

Ndege inaposhuka kutua huteremka taratibu, nyuzi tatu tu za mteremko. Kwa mwendo wa ndege kama ile yetu, noti mia moja hivi, yaani maili mia moja za baharini kwa saa, ni kama futi 500 kwa dakika. Kwa hiyo ukiwa futi 500 kutoka ardhini ndani ya wingu, umebakiwa na dakika moja. Dakika moja ya kuona kiwanja, kunyoosha pua, kukadiria upepo, na kugusa lami. Namba ya kwenye karatasi imewekwa ili dakika hiyo isitumike kutafuta. Aliyeiweka amepima vilima, minara na majengo, amekaa ofisini bila haraka, hana maiti, hana mteja wa kumkasirisha. Rubani hukutana nayo akiwa na vyote hivyo.

Sasa chukua pumzi zangu mbili. Tuseme sekunde nne.

Ndege inayokwenda noti mia moja inasogea mita 50 kila sekunde. Sekunde nne ni mita 200, na wakati huo imeteremka futi 35. Hata ukisukuma injini haipandi hapo hapo, huendelea kuzama kidogo kwanza, kama jahazi linalogeuzwa. Futi 35 ni nusu ya mnazi mrefu.

Na mwili wenyewe unadanganya. Nguvu ya injini inapokuja ghafla ndani ya wingu, sikio la ndani linasema pua imeinuka mno, ndege inataka kulala chali. Nililihisi hilo, nikakamata ukingo wa kiti. Rubani analihisi hivyo hivyo. Anatakiwa asiliamini, aamini mishale. Wapo walioamini sikio wakasukuma pua chini, na chini ndiko kwenye ardhi.

Haya yote alikuwa akiyafanya peke yake, usukani mkono mmoja, injini mkono wa pili, na masikioni mna sauti mbili. Moja inampa upepo na njia. Nyengine inamwambia Mungu atakulipa.

Mlango

Nilikwenda kwa baba mkubwa Mkoani. Ameendesha majahazi miaka arubaini, sasa macho yake hayaoni lakini anajua siku ya mwezi kwa kuisikiliza bahari. Nilimhadithia yote, na neno langu nikamwambia kama lilivyo.

Alinyamaza akitafuna tambuu. Kisha akaniuliza, "Alipokuwa anaingia mlango, wewe ulikuwa unasema?"

Mlango ni ule uwazi baina ya mwamba na mwamba. Nikamwambia ndiyo.

"Kwenye chombo changu," akasema, "nikikaribia mlango usiku, watu hunyamaza. Hata mwenye uchungu wa kuzaa. Simkatazi kwa ukali. Lakini mimi naskiliza maji, na nikisikia mtu analia nataka kumfikisha. Nikishataka kumfikisha, siyasikii tena maji."

Nikamuuliza kama aliwahi kukosa mlango.

"Mara nyingi. Natia nanga nje mpaka kupambazuke. Wanitukane. Asubuhi wanashuka kwa miguu yao."

Tukanyamaza wote wawili. Sisi ni watu tulioizika Spice Islander, meli iliyozama njiani kuja Pemba. Katika nyumba ile ile tuliyokaa, ukutani, ipo picha ya binamu yangu aliyepanda usiku ule wa Septemba 2011. Sikuweza kuitazama.

Nilikuwa nimekwenda kwake nikitaraji anitulize, aniambie neno halimsukumi mtu mzima. Nilirudi na jambo zito zaidi, kwa sababu sasa nilielewa kwamba neno langu lilikuwa na nguvu kwa kuwa kijana yule alikuwa na huruma. Rubani asiyejali angelipuuza. Yule alilisikia, akataka kunifikisha.

Au hakulisikia kabisa, na zile pumzi mbili nilizihesabu vibaya kwa hofu yangu. Nilikaa na mashaka hayo wiki mbili nyengine.

Chake

Nilimkuta kiwanjani Chake, asubuhi ya jua kali. Nilikuwa nimekwenda kupokea mzigo. Alikuwa ameinama chini ya bawa, anakinga mafuta kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakiinua juani kutazama kama yana maji. Alifanya hivyo upande mmoja, akazunguka, akafanya upande wa pili. Nilingoja amalize.

"Kapteni, unanikumbuka?"

Alinitazama, uso ukabadilika. "Nakukumbuka, mzee. Mlishamzika salama?"

"Tulishamzika. Nimekuja kukuomba radhi. Kwa mkono wako niliouacha, na kwa neno nililokusemesha juu."

Akasema hapana, hapana, msiba ni msiba. Nikamwomba anisamehe kwanza, kisha anijibu swali moja. Nikamuuliza kama mara ya pili alichelewa, na kama alichelewa kwa ajili yangu.

Alikimwaga kikombe, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mfukoni. Nilidhani hatanijibu.

"Nilikusikia," akasema. "Mama yangu mimi yuko Songea, anaumwa. Nilisema labda sekunde moja tu, labda kitafunguka." Alitazama magurudumu ya ndege. "Nililiandika na kuliripoti jioni ile ile. Nilishuka chini ya namba yangu. Sijawahi kufanya hivyo kabla ya siku ile."

Akaniambia tangu hapo, kukiwa na mawingu, hampi mtu kiti cha mbele.

Nilimpa mkono, akaupokea kwa mikono miwili.

Wiki iliyopita nilikwenda Unguja kwa ajili ya arubaini. Ilikuwa zamu yake, na kaskazini mawingu yalikuwa yamekusanyika. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mizigo. Kutoka pale niliweza kuona kichwa chake tu, na kando yake kile kiti, kitupu, mkanda umefungwa na kukazwa juu yake.